Mnyama Niliyempa Jina Lisilo Lake

Kabla ya kufika Ubelgiji nilikuwa mpiga chapa. Nalitanguliza hilo kwa sababu katika miaka ninayoisimulia niliwaambia watu jambo jingine.

Kazi yangu ilikuwa kwenye kituo kimoja cha utafiti, mwendo mfupi kutoka Bukavu. Watafiti walileta wanyama ndani ya chupa za dawa, nami nikachapa vikaratasi vya kubandika juu yake, kwa Kilatini, bila kukosea herufi. Jina la mnyama nililijua vizuri. Mnyama mwenyewe, kama ningekutana naye njiani, ningempisha bila kujua nimempisha nani.

Mishahara ilipokatika nikaja Brussels kwa yaya yangu, ndivyo kwetu tunavyomwita dada mkubwa, mtoto wa mama yangu mkubwa, aliyekuwa akikaa mtaa wa Forest, ghorofa ya tatu. Yeye alisafisha ofisi karibu na kituo cha Schuman. Huko ndiko alikosikia habari za bibi mmoja wa mtaa wa Boitsfort, mjane, aliyetafuta mtu wa kushinda naye kutwa kwa sababu macho yalikuwa yakimwisha.

"Ule maman anapenda banyama na bandege sana," yaya aliniambia tukimenya viazi. "Bwana yake alikuwaka anabafuata na darubini mpaka akakufa. Donc ukifika, umwambie ulisomaka biologie."

"Yaya, mimi nilikuwaka dactylo."

"Dactylo wa banyama, si ni vile? Bon. Nani atakuomba diplôme?"

Hakuna aliyeniomba. Bibi yule, mwalimu mstaafu, mwembamba, mwenye sauti ya kuzoea darasa, aliniuliza tu nilisoma miaka mingapi. Nikasema mitatu. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Basi Madame, utakuwa macho yangu," akasema. Alisema kwa Kifaransa, kama yote tuliyozungumza, nami nayaandika hapa kwa lugha yangu.

Ugonjwa ulikuwa umemla katikati ya macho ukamwachia kingo. Akitaka kukutazama aligeuza uso pembeni kidogo, kama kuku anayechungulia punje. Nyumba yake ilitazama bwawa. Mtu aliyekulia kando ya Kivu hawezi kuliita ziwa bila kucheka, lakini yeye aliliita ziwa letu, nami nikafuata. Kila asubuhi baada ya kahawa nilisimama dirishani nikamwambia kilichokuwako. Nilitaja rangi, ukubwa, urefu wa shingo. Yeye ndiye aliyepata jina. Nilijifunza upesi kunyamaza mpaka alitaje mwenyewe, kisha niseme, "Ndiyo, ndiye." Kwa namna hiyo nilipita miaka miwili bila kukosea hata mara moja, na sifa yangu ikafika mpaka kwa wenzake wa chama chao cha wapenda ndege, ambao sikuwa nimewaona.

Kisha ikaja baridi ya mwaka ule ambao vita vilikuwa vimeingia kwetu. Bukavu ilikuwa imeanguka, na mama yangu sikujua yuko wapi. Kila alasiri bibi aliniambia niache vyombo, nikae kwenye kiti chake, nijaribu simu. Nilizungusha namba za jirani, za parokia, za yeyote. Haikuita. Yeye alikaa jikoni na mlango ameufunga, ili nikilia nisionekane.

Nayataja haya si kwa kujitetea. Nayataja ili ijulikane ni mtu wa namna gani niliyemfanyia nilichomfanyia.

Baridi ilikaza hata bwawa likaganda lote, isipokuwa tundu moja dogo karibu na matete, ambapo bata walijikusanya. Asubuhi ya Jumanne, ukungu ukiwa bado umelala juu ya barafu, niliona kitu kikitembea. Hakikuwa bata wala mbwa. Kilikuwa kahawia, kimejikunja mgongo, kikienda polepole kama kinaogopa kuteleza.

"Kuna mnyama," nilisema.

Kikombe kilitulia mkononi mwake. "Mkubwa kiasi gani?"

"Kama mbwa mdogo. Miguu mifupi."

"Mkia?"

"Upo. Mrefu."

"Mnene pale unapoanzia, au mwembamba?"

Kwa kweli sikuona. Ukungu ulikuwa umeufuta. Lakini nilimwona bibi amejiinua nusu kwenye kiti, na nilijua jibu alilolitaka. Alikuwa amenisimulia mara nyingi kwamba alipokuwa msichana, kwenye mto wa Ardennes, baba yake alimfunga mdomo kwa kiganja na kumwonyesha fisi-maji akila samaki juu ya jiwe. Wanyama hao, alisema, nchini kwao wamekwisha. Tangu siku ile hakuwahi kumwona mwingine.

"Mnene," nikasema.

Akaweka kikombe chini. Kisha kwa sauti ndogo, "Madame, wewe umesomea. Ni nini?"

Hapo ndipo ningeweza kusema sijui. Ni neno fupi katika kila lugha ninayoijua. Lakini miaka miwili nilikuwa nimeishi bila kulisema, na niliona kwamba nikilisema mara moja tu yote yataporomoka, ile miaka mitatu ya masomo na kazi pamoja. Isitoshe nilikuwa nimewahi kuchapa jina la fisi-maji wa Kivu. Niliweza kulitamka kwa Kilatini. Nikalitamka, nikaongeza kwamba huyu ni ndugu yake.

Bibi alilia. Aliniomba nimsogeze dirishani, akageuza uso upande huu na upande ule akijaribu kumkamata mnyama kwenye kingo za macho yake. Sidhani kama aliona chochote. Lakini alisema, "Ndiyo. Ndivyo anavyotembea." Na kabla sijaondoa vikombe alikuwa ameshampigia simu mkuu wa chama chao.

Walikubaliana waje Jumamosi.

Alhamisi nilishuka ukingoni na maganda ya karoti kwenye mfuko. Nilijidanganya kwamba ninakwenda kuwalisha bata. Mnyama alikuwa amekaa kwenye matete, na aliponiona hakukimbia. Alikuwa na njaa. Nilitupa ganda, akalifuata, akaketi kwa makalio, akalishika kwa mikono miwili kama mtoto anayekula hindi. Alipofungua mdomo niliona meno ya mbele, marefu, ya rangi ya chungwa. Mkia wake ulikuwa mwembamba na wa mviringo kama kamba, na ncha yake imekuwa nyeusi kwa kuunguzwa na barafu. Mnyama anayekula samaki hahitaji maganda ya karoti. Hilo hata mpiga chapa alilijua.

Jioni, bibi akiwa amejilaza sebuleni, niliingia chumba cha vitabu cha marehemu mumewe, nikatoa kitabu cha wanyama wa Ulaya, nikasimama nikifunua kurasa. Alikuwa mle ndani na meno yake. Ragondin, panya mkubwa wa maji, aliyeletwa kutoka Amerika ya Kusini kufugwa kwa ajili ya manyoya, wengine wakatoroka. Anaharibu kingo za mito, kitabu kilisema. Hutegwa.

Nikakifunga kitabu. Nikarudisha mahali pake. Nikaenda kuchemsha supu.

Ijumaa nilishinda naye kutwa nzima. Alitaka nimsaidie kuchagua sweta. Aliniagiza keki kwa ajili ya wageni. Mara mbili aliniuliza, "Una neno lolote la kuniambia kabla ya kesho?" nami nilidhani anauliza habari za sahani na vikombe. Nikasema hapana, kila kitu kipo tayari.

Walikuja sita, wote wazee, na makoti mazito na darubini ya miguu mitatu. Mkuu wao alikuwa mwanamume mrefu mwenye masharubu meupe. Alinipa mkono kwa heshima akaniita mwenzake. Bibi alitaka kushuka nao, nikamvalisha, nikamshika kiwiko mpaka ukingoni. Jua lilikuwa limetoka na barafu iling'aa. Mnyama alikuwa palepale kwenye matete, hadharani kabisa. Darubini haikuhitajika.

Mkuu aliinama kwenye darubini kwa muda mfupi sana. Alipoinuka hakunitazama mimi, alimtazama bibi, na uso wake ulikuwa wa huruma. Mmoja wa wanawake alicheka kabla hajajizuia. "Lakini huyu ni ragondin," akasema. "Ni panya."

Nilisubiri ardhi ipasuke. Nilifungua mdomo. Ninakumbuka niliufungua, kwa maana niliisikia baridi kwenye meno.

Bibi alinitangulia. "Ni mimi," alisema. "Madame aliniambia hana hakika, kulikuwa na ukungu. Mimi ndiye niliyeng'ang'ania. Mnajua macho yangu."

Wakasema la hasha, hakuna ubaya, na ragondin mjini naye si wa kila siku. Mkuu akaandika kitu kwenye daftari. Walipanda juu wakala keki wakazungumza habari za baridi. Niliwamiminia kahawa. Mwanamke yule aliyecheka aliniuliza kwa upole kama kwetu Afrika tuna wanyama wa namna hii, nikajibu, nikajibu kama msomi, na bibi alikaa kwenye kiti chake mikono juu ya magoti, uso ameuelekeza dirishani ambako hakuona kitu. Mlangoni, akivaa glavu, mmoja wao alimwambia mwenzake kwa sauti aliyodhani ni ndogo kwamba sasa wasimtegemee tena kwa taarifa, maskini, umri umefika. Mimi nilisikia. Na kama mimi nilisikia, yeye mwenye masikio ya kipofu alisikia zaidi.

Jumatatu yake mfanyakazi wa manispaa alikuja na mtego wa waya, akautega kwenye matete. Ilikuwa ndiyo kanuni, mtu akishatoa taarifa. Siku mbili baadaye mtego haukuwapo, na mnyama pia. Bibi hakuuliza aliko, nami sikusema. Tangu hapo asubuhi alikunywa kahawa yake akasikiliza redio.

Nilikaa na jambo lile wiki nyingi. Mama yangu alipatikana, alikuwa amevuka kwenda Rwanda akarudi, na siku simu ilipoita na nikamsikia akikohoa upande wa pili, bibi alinikumbatia. Wema wake ulinichoma. Baada ya Pasaka, nikimkata kucha, nilimwambia. Nilisema yote kuanzia kule kituoni, vikaratasi, Kilatini, ile miaka mitatu. Nilisema nilimwona mnyama Alhamisi, nikamjua.

Hakuutoa mkono wake. "Nilikusikia," akasema. "Kitabu kile kina karatasi nene, zinalia zikifunuliwa. Nikajiambia, amekwenda kuhakikisha, kesho ataniambia. Nilikusubiri Ijumaa yote."

"Kwa nini hukuwapigia simu wasije?"

"Kwa sababu nilitaka uniambie wewe."

Niliuliza kwa nini basi alinikinga mbele yao. Alifikiri, kama mwalimu anayepima swali la mwanafunzi. "Mimi ni mzee," alisema. "Wakinicheka mimi, ni jioni moja. Wewe bado una watu wengi wa kukutana nao." Halafu akaongeza, bila ukali, na hilo ndilo lililobaki nami, "Lakini yule wa mtoni sasa simwoni vizuri kama zamani. Nikimkumbuka, anakuja na meno ya chungwa."

Nilifanya kazi kwake mpaka binti yake alipomchukua kwenda kukaa naye Ghent. Hakunifukuza, na hakuwahi kulitaja tena. Alinitafutia hata mahali pengine, kwa barua aliyonitungia mwenyewe nikaichapa mimi, na ndani yake alisema kwamba mimi ni mtu mwaminifu. Nilisimamisha vidole juu ya neno hilo. Akaniuliza nimekwama wapi. Nikasema herufi imegoma. Nikalichapa.

Yaya nilimsimulia siku moja tukitoka kanisani. Alicheka sana, akasema, "Juu ya panya tu unajitesa vile?" Na kanisani, kwa miaka mingi, nilipotambulishwa kwa wageni waliotoka kwetu, kulikuwa na baba mmoja mzee, papa kama tunavyowaita kwetu, aliyependa kusema, "Huyu maman alisomaka mambo ya banyama." Mara ya kwanza baada ya yote hayo nilitaka kumkatiza. Watu walikuwa wengi, wameshika sahani, wananitazama kwa heshima.

Nikawaamkia wageni, nikawauliza habari za safari.