Shangazi wa Dodoso

Watoto wote humwita Shangazi, ingawa anachofanya ni kuwasomea dodoso letu la utafiti lenye maswali thelathini kuhusu wanavyojisikia wakiwa na wazazi wao. Mimi huingiza majibu kwenye kompyuta, meza ya pili, kwa hiyo namwona kutwa. Huvua viatu, huketi mkekani kando ya mtoto, husoma swali kwa sauti ya chini, kisha huitazama penseli yake. Hamwangalii mtoto anayefikiri, asije akalitafuta jibu usoni pake. Hata kimya kikifika dakika nzima, vidole vyake vinene havitikisiki.

Juzi msichana wa miaka kama tisa alijibu yote "ndiyo kabisa", harakaharaka. Alipomaliza akanong'ona, "Shangazi, baba ataisoma hii?" Shangazi akamwambia, "Hataisoma. Humu hamna jina lako, kuna namba tu." Mtoto akafikiri. "Basi tuanze upya." Nje walikuwa wakingoja watoto watano. Shangazi akachukua karatasi mpya, akalisoma swali la kwanza kana kwamba hajawahi kuliona: "Ukiwa na huzuni, baba yako hujua?" Mtoto akajibu polepole, "Hajui. Huwa najificha bafuni." Penseli ikatia alama, wakaendelea hadi mwisho. Msichana alipotoka, nikauliza niingize karatasi ipi. "Ya pili," Shangazi akasema, akiyasugua magoti yake. "Lakini ya kwanza usiitupe, mwanangu. Nayo inaonyesha anavyompenda baba yake."