Boti ya Ezekieli Iliyogoma Asubuhi

Niliondoka Kigoma mwezi wa Juni kwa sababu ya ujumbe wa dereva wa lori. Ezekieli, niliyekua naye Kitanga, alikuwa na boti ya mashine Mto Malagarasi, na mashine ilimsumbua. "Amesema uje upesi," dereva aliniambia. "Mwenyekiti wa kijiji amempa mpaka siku ya gulio. Isipowaka asubuhi hiyo, kivuko wanarudishiwa watu wa mitumbwi."

Nimetengeneza mashine za boti za watu ziwani tangu ujana wangu, na mwenyewe sina hata kasia. Kwa hiyo kilichonipandisha basi si kwamba mashine ilimsumbua. Ni kwamba alikuwa na boti.

Kasulu nililala kwa Mzee Salumu, mwenye duka la vitenge. "Ezekieli ametengenekewa," alisema akinimiminia chai. "Ana boti, ana mke wa kusikilizana naye."

"Mkewe namfahamu," nilijibu.

Nilimfahamu kabla ya Ezekieli. Anastazia nilimwambia nakwenda ziwani na nitarudi baada ya mavuno. Nilirudi baada ya mavuno mengi.

Kesho yake lori lilinishusha karibu na daraja la Malagarasi, nikafuata mto kwa miguu mpaka alasiri. Ezekieli alinipokea kwa kupiga makofi ya taratibu, kama tunavyosalimiana kwetu. "Mwidiwe, ndugu yangu!" Alikuwa amenenepa. Boti ilikuwa imepakwa rangi ya buluu, haina hata mchubuko. Nilitafuta kasoro, nikaudhika nilipoikosa.

Nikavuta kamba ya mashine. Ikawaka mara moja, ikitoa moshi wenye harufu ya maandazi.

"Ndivyo inavyonifanya!" Ezekieli alilalamika. "Mchana ni mke mwema. Asubuhi hata salamu haitaki."

"Nimesikia!" Anastazia alipaza sauti kutoka jikoni, na wote wawili wakacheka. Mimi nikajifanya nafuta plagi.

Asubuhi ya gulio ukungu ulilala juu ya maji na baridi ilikuwa kali. Abiria walikaa ukingoni na vikapu vyao, mwenyekiti amesimama amekunja mikono. Watu wa mitumbwi walikuwa pembeni, makasia tayari.

"Ezekieli, ipe uji kwanza!" mmoja alipiga kelele.

Nilivuta kamba mpaka bega likauma. Kimya. Nikafungua kabureta. Ndani mlikuwa na uto wa manjano, mzito, kama ule unaobaki juu ya mchuzi uliolala.

"Petroli mnaichanganya na nini?" niliuliza.

Ezekieli akamtazama mkewe, mkewe akatazama mto.

"Oili iliisha Kibondo tangu masika," Anastazia alisema. "Tukaona mafuta ni mafuta. Tukatia mawese."

Watu wa mitumbwi walicheka hadi wakashikana mabega. Niliwaeleza abiria kwamba mashine hii hunywa petroli iliyochanganywa na oili. Mawese hulainika juani, na baridi ya alfajiri huyagandisha, yakaziba tundu dogo linalopitisha petroli.

"Fundi," mwenyekiti aliniuliza, "inapona au haiponi?"

Kopo la oili lilikuwa mkobani mwangu. Ezekieli alikuwa ameweka mikono kichwani. Nilimtazama, nikatazama boti ile ya buluu, na nilikawia kujibu kuliko kazi ilivyodai.

"Inapona," nikasema.

Nilisafisha kabureta kwa petroli, nikazibua tundu kwa unyoya wa kuku, tukamwaga mchanganyiko wote na kutengeneza mpya. Mashine ilipowaka abiria walimshangilia Ezekieli. Mwenyekiti alipanda wa kwanza, akamwambia, "Haya, kivuko ni chako." Mimi nilipanda wa mwisho, mikono imejaa weusi.

Katikati ya mto nilimwomba Ezekieli anipe mkono wa mashine niongoze kidogo.

"Nimechoka, ila si zamu yako," alisema. Akainuka, Anastazia akakaa mahali pake na kuushika. Ezekieli alijilaza kwenye vikapu vya maharage, akafumba macho pale pale, na mkondo unatuvuta kushoto.

"Shemeji, keti," Anastazia aliniambia. "Utatuzamisha."

Nikaketi. Akaielekeza boti upande wa juu wa mto, kupita gati ya ng'ambo kidogo, akaacha mkondo uifikishe, kama ambavyo ningefanya mimi. Ezekieli alikuwa anakoroma.

Nilirudi kwa lori lililotoka Kibondo, juu ya magunia ya mahindi. Njiani nilijifunza jambo moja kunihusu: mashine ikiwa majini sijawahi kumwachia mtu mwingine, wala kulala akiwa ameishika. Hapa Kigoma wananiuliza kama boti ya Ezekieli ni nzuri. Nawaambia ni ya kawaida tu. Bado namwonea wivu. Namwonea wivu kwa ule usingizi.