Aliyepasha Maji

"Mama Khaemba, hayo maji ni wewe unayapasha kila mara. Lakini wewe mwenyewe umewahi kumwosha nani?"

Aliyeuliza ni Kageha, jirani yake wa mlango wa pili katika mtaa wa Manyatta, mama asiyejua kuzungusha maneno. Nabututu, ndiye huyo Mama Khaemba, alicheka. "Kwani mlitaka muoshwe na maji baridi?" Kageha naye akacheka, wakaachana. Lakini swali lilimkwama Nabututu kama mwiba wa samaki kooni.

Kanisani kwao, kila baada ya miezi mitatu, kabla ya Meza ya Bwana, watu huoshana miguu wawili wawili. Wanaume hubaki ukumbini, akina mama huingia darasa la watoto. Na mchungaji husema wazi: mwenye neno na mwenzake, amtafute huyo huyo. Nabututu ni shemasi, jiko na masufuria ni yake. Maji huyapima kwa kiwiko, kama ya kuogesha mtoto. Huzunguka na mataulo begani mpaka wote wamalize, wala hakuna anayegundua kwamba yeye bado ana viatu miguuni. Husema tu, huyo mama anampenda Mungu. Miaka minne alisikia hivyo, na kila aliposikia alitazama chini.

Maana neno alikuwa nalo. Wangechi wa kanisani kwao huuza viazi sokoni Kondele, hatua chache kutoka meza ya Nabututu ya omena, dagaa wa ziwani. Miaka minne iliyopita, Janice, binti wa Wangechi, alipokuwa kidato cha pili, tumbo lake lilianza kufura. Nabututu akaliona. Alhamisi, kwenye maombi ya akina mama, Wangechi hayupo, Nabututu akaulizwa kama ana hitaji la kuombewa. Akasema kwa sauti ya huruma, "Tumkumbuke Janice wa Wangechi. Kuna mzigo amebeba, na bado ni mwanafunzi." Wakafumba macho, wakaomba. Alijua, hata akisema amina, kwamba ulimi wake ulikuwa umeonja utamu wa kuwa wa kwanza kujua.

Kufikia Jumapili, Kondele yote ilikuwa imeshaomba. Macho ya watu yalimzidi msichana, akajitoa kwaya, akaacha hata kwenda dukani. Mwezi uliofuata mama yake alimpeleka hospitali, wakaambiwa si mimba, ni kichocho, ugonjwa wa maji ya ziwa alikokuwa akifulia nguo tangu utotoni. Alipewa dawa, akapona polepole. Kwaya hakurudi.

Neno lilianzia wapi, Wangechi hakuwahi kuuliza. Aliendelea kumwekea Nabututu viazi vizuri kando. "Chukua hivi, Mama Khaemba, havina macho." Na Nabututu alivichukua, akavipika, akala na watoto wake.

Baada ya swali la Kageha, alianza kujiona. Alikuwa amempa Mungu kazi nyingi ambazo hakuombwa, ili asimpe ile moja aliyoombwa. Hakuna mtu aliyemlazimisha. Mchungaji hakumtazama kwa jicho lolote. Lakini siku ya Meza ilipofika, asubuhi, alibeba sufuria kubwa mpaka mlangoni kwa Kageha.

"Leo upashe wewe."

"Unaumwa?"

"Hapana. Nina mtu."

"Wa kuosha ama wa kukimbia?"

"Wa kuosha. Huyo wa kukimbia nimemkimbia vya kutosha."

Kageha alichukua sufuria.

Katika darasa la watoto, Wangechi alikuwa amekaa kwenye kibenchi kifupi, viatu vimepangwa kando, nyayo zimepasuka kwa udongo wa viazi. Nabututu alipiga magoti mbele yake na beseni. Maji ya Kageha yalikaribia kuwa baridi.

"Leo umepata nafasi, Mama Khaemba," Wangechi akasema, akinyoosha mguu.

Nabututu hakuushika. "Ngoja kwanza. Lile neno la Janice lilitoka kinywani mwangu. Mimi ndiye niliyelisema, siku ya maombi."

Wangechi alirudisha mguu chini ya kibenchi. Akina mama waliokuwa karibu waliacha kuimba, lakini Nabututu hakuinuka.

"Miguu yako usinipe leo kama moyo unakataa," akasema. "Lakini naomba uniruhusu nije nyumbani, nimwambie Janice mwenyewe."