Mama wa Saa Sifuri

Msonyo wa mtaalamu wetu nausikia mpaka leo: mrefu, mwembamba, unatoka pembeni ya meno kama upepo kwenye tairi la baiskeli lililotoboka. Alisonya alipoliona daftari la mahudhurio la kiwanda chetu cha sabuni, Temeke, lililoloa mafuta ya mawese kwenye kona. "Nchi haiendelei kwa madaftari haya," akasema. Kisha akaniambia niliingize lote kwenye kompyuta, kama lilivyo.

Kama lilivyo. Hayo ni maneno yake, siyo yangu.

Kiwanda kilikuwa cha serikali, kikauzwa, tajiri mpya akaja na kompyuta mbili na mtaalamu mmoja aliyesomea ng'ambo. Mie nilikuwa na fomu foo yangu na cheti cha wiki sita cha kuchapa, lakini kwa kuota sikuwa na mpinzani. Nilishajiona niko Posta, katikati ya jiji, ghorofa ya juu, kiyoyozi kinanipuliza, watu wanabisha hodi kuja kuniuliza mambo. Kwa hiyo nilimheshimu sana yule bwana. Wiki moja hivi.

Kazi yangu ilikuwa kuchapa saa ya kuingia na saa ya kutoka. Tarehe mashine iliijaza yenyewe, moja hiyohiyo kwa kuingia na kutoka. Halafu kulikuwa na fanksheni aliyoiandika yeye, akiizungumzia kama mtu anavyozungumzia mtoto wake wa kwanza. Ilichukua tarehe na saa ya kutoka, ikatoa ya kuingia, ikasema mtu kafanya kazi kwa muda gani. Watu wa mchana, mlinzi wa getini aliwaandikia saa 1 kuingia, saa 10 kutoka: tisa. Sawa. Wa usiku waliingia saa 1, wakatoka saa 12 asubuhi: kumi na moja. Sawa tena. Mtaalamu akawa anatembea ofisini kama jogoo.

Mwezi ulipoisha ikatoka orodha ya watoro. Ilikuwa na mtu mmoja tu, mama wa shifti ya usiku aliyekuwa akiwasha moto wa mapipa ya mafuta. Saa za kazi, mwezi mzima: sifuri. Tajiri akaandika pembeni kwa wino mwekundu kwamba Jumamosi akabidhi ovaroli aondoke.

Yule mama ndiye aliyekuwa anawahi kuliko wenzake wote. Aliingia saa kumi na mbili jioni, ili wenzake wakifika wakute mafuta yameshachemka, akatoka nao saa kumi na mbili asubuhi. Kumi na mbili toa kumi na mbili. Yaani ukiwahi, hukuja! Hiyo ndiyo akili iliyopandishwa ndege kwenda kusomeshwa. Na hizo kumi na mbili nilizichapa mie, kwa vidole vyangu hivi.

Akaja dirishani kwangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Eti mashine imesema mie siji kazini?"

"Imesema, mama."

"Sasa hayo mafuta yanachemshwa na jini?"

Akacheka, lakini mkono wake ulikuwa unakunja ncha ya khanga, unakunjua, unakunja tena. Wajukuu watatu walikuwa wanamtegemea yeye, na sie sote tulilijua hilo.

Nikamfuata mtaalamu.

"Kaka, hesabu ya yule mama siyo. Kumi na mbili yake ya jioni, kwa mashine ni kumi na nane. Ya asubuhi ni sita, tena sita ya kesho yake."

"Sista, kumi na mbili toa kumi na mbili ngapi?"

"Sifuri, lakini..."

"Basi. Mbona wengine wametoka sawa?"

"Wametoka sawa kwa bahati, kaka."

"Fanksheni haina bahati. Hivi wewe ulisoma mpaka wapi vile?"

"Fomu foo."

"Naona." Akachukua koti lake. "Mie naenda kula. Nitarudi saa nane."

Saa nane, anasema, na saa ya mkononi mwake, ikifika hiyo nane, mshale unakaa kwenye mbili! Amezaliwa Magomeni, anahesabu saa kama sie tangu ananyonya, ila akikaa mbele ya kile kioo anasahau hata mama yake alimwamsha saa ngapi kwenda shule. Na tajiri naye vilevile. Kila asubuhi anakuta sabuni zimejaa mabokisi, zina joto bado, na hajiulizi. Mpe karatasi ya printa, ile yenye vitundu pembeni, ataiamini kuliko pua yake.

Ofisi ikabaki tupu. Nikaita mistari ya yule mama, ishirini na sita. Kuingia nikaandika kumi na nane, tarehe ileile. Kutoka nikaandika sita, na tarehe nikaisogeza siku moja mbele. Mstari wa mwisho ulinitoa jasho, maana alitoka tarehe mosi ya mwezi mwingine. Nikafuta mara mbili kabla sijakiamini kidole changu. Nikaiamuru fanksheni ihesabu. Kumi na mbili. Kumi na mbili. Kumi na mbili, mpaka chini. Orodha ya watoro ikatoka kwenye printa ikiwa na kichwa tu, chini yake peupe.

Nikabisha kwa tajiri. Hakuwepo. Nikainua jiwe alilozuilia karatasi zisipeperushwe na feni, nikaitoa ile yenye wino mwekundu, nikaweka hii, nikarudisha jiwe juu yake.