Jino la Mwisho na Fundi Asiyenyamaza

Saa tatu asubuhi, mwanamke aliyevaa suti nyeupe ya kujifunika mwili mzima, glavu mbili kila mkono na barakoa mbili, amesimama mbele ya jino moja. Hajasema neno tangu saa mbili. Wenzake wanamchungulia dirishani kama watu wanaotazama fainali ya mpira.

"Atapasuka," anasema karani wa mapokezi.

Mwanamke huyo ni fundi wa maabara ya vinasaba, kazi anayoifanya mwaka wa kumi na mbili sasa. Anaitwa Redio, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

Jino limetoka kwenye mifupa iliyofukuliwa na wachimba msingi wa nyumba. Mwanamke mmoja muuza vitambaa anaamini ni ya kaka yake, aliyetoweka miaka ishirini na tisa iliyopita. Anataka kumzika. Kipande pekee cha mfupa kilichofaa kupimwa kilitumika mwezi uliopita, na hapo ndipo balaa lilipoanza.

"Mashine ilisema marehemu na mimi ni tumbo moja," anasimulia Redio baadaye. "Nikampigia mama. Nikamuuliza, mama, kuna mtoto mlitufichia? Akanikatia simu."

Hakukuwa na siri ya familia. Redio alipiga soga wakati wa kusaga mfupa, barakoa ikashuka, mate yakaruka. Mashine ikasoma mate, ikaacha mfupa. Vinasaba vya wafanyakazi wote huhifadhiwa ili kuwanasa namna hiyo.

Mkuu wa maabara hakupiga kelele. Alisema tu, "Limebaki jino. Likiharibika, utakwenda kumweleza dada wa marehemu wewe mwenyewe."

Wanachotafuta kimo ndani ya mitokondria, vinu vidogo vilivyo ndani ya seli ambavyo hugeuza chakula kuwa nguvu za mwili. Vinu hivi vina vinasaba vyake vyenyewe, nakala mamia hadi maelfu katika seli moja, ndiyo maana hata jino la zamani linaweza kubaki navyo. Na mtu huvirithi kwa mama.

Hilo la mama lilizua kizaazaa siku chache kabla jino halijaguswa. Baba mdogo wa marehemu ndiye aliyefika kwanza, kavaa koti, akaachama ili apanguswe mate kwa kijiti cha pamba, yalinganishwe na jino.

"Mzee, vyako havitatusaidia," Redio akamwambia.

"Mimi ndiye mkubwa wa ukoo!"

"Ukoo ni wako, baba. Hivi ni vya upande wa mama wa marehemu."

"Kwa hiyo sisi wanaume hatuna?"

"Mnavyo! Ndivyo vinavyokupa nguvu za kunifokea hivyo. Ila ulipewa na mama yako, na watoto wako hukuwapa."

Mzee akakaa kwenye benchi na kugoma kuondoka. Akapanguswa dada, aliyechangia mama na marehemu.

Siku ya jino, saa sita kasoro, Redio anatoka chumbani. Anavua barakoa na kuongea na mlinzi dakika arobaini mfululizo. Mlinzi hakuwa ameuliza kitu.

Siku tisa baadaye majibu yakatoka. Jino linalingana na dada wa marehemu, si na fundi. Kipimo hiki peke yake huonyesha ukoo wa mama tu, lakini kwenye mifupa ile kulikuwa na alama ya mkono uliowahi kuvunjika utotoni, pale pale dada alipopataja, nayo ikamaliza ubishi.

Dada aliikunja karatasi mara nne.

"Alisema anatoka mara moja," akasema. "Mara moja! Na chakula nilimfunikia." Akacheka, kisha akalia, kisha akauliza atamchukua lini.

Kwenye rafu bado kuna masanduku kumi na moja ya mifupa isiyojulikana ni ya nani. Redio anataka yaishe kabla hajastaafu.

"Jumatatu nafungua lingine," anasema. "Mama mdogo wa mtu kanipigia mara mbili, anauliza aje amepiga mswaki au asipige. Nimemwambia apige, asile kitu njiani, na asichelewe. Mtu wake amengoja vya kutosha."