Daftari Lisilohesabiwa

Una shahada ya chuo kikuu, lakini je, unaweza kumtaja kwa Kiingereza kondoo dume aliyehasiwa? Usijikune kichwa. Maafisa wetu wanaoongea Kiingereza cha kupigwa pasi nao hawawezi. Emuria anaweza. Emuria, dalali wa mbuzi na kondoo katika soko la mifugo la Isiolo, mtu aliyeishia darasa la saba, atakujibu huku akipapasa mgongo wa mnyama mwenyewe: "Wether." Na kondoo jike mchanga ambaye hajazaa? "Gimmer." Na ng'ombe wengi kwa pamoja, kwa lugha ya kale? "Kine. Washairi wao waliendelea kuliimba hilo hata baada ya wakulima kulitupa."

Alianza akiwa na miaka kumi na tisa, dukani Ngaremara. Mwenye duka alikuwa akiwafungia wateja tumbaku kwa kurasa za kamusi nene ya Kiingereza isiyo na jalada. A, B na C zilikuwa zimekwisha kuondoka zikiwa mifukoni mwa wazee. Emuria aliziokoa zilizobaki kwa kutoa ngozi ya mbuzi. Ndiyo maana mpaka leo ukimuuliza neno linaloanza na B anakujibu bila aibu, "Hilo lilienda na moshi."

Kando ya baadhi ya maneno kulikuwa na alama ya msalaba. Alimuuliza mwalimu mmoja maana yake.

"Hayo yamekufa," mwalimu akasema. "Hakuna anayeyatumia tena."

Emuria aliona kama ametukanwa yeye. Mnyama yupo hapa, anakula, anapiga chafya, halafu mtu anasema jina lake limekufa! Waingereza walihamia mijini wakayaacha maneno porini, kama watu wanaohama na kumwacha mbuzi kilema nyuma. Basi yeye angeyachunga.

Akanunua daftari gumu, akaanza kuyakusanya maneno ya mifugo, yenye msalaba na yasiyo nao, yote yaliyokuwa ya kale au ya mashambani. Alipofika kwenye fee alicheka peke yake: neno ambalo mzazi wa Isiolo akilisikia mwanzoni mwa muhula hutoka kwenda kuuza mbuzi, zamani za kale lilikuwa na maana ya mifugo yenyewe. Alipofika kwenye murrain, ile tauni ya mifugo ambayo watu wa tamthilia za kale waliapizana nayo wakikasirika, aliliandika katikati ya ukurasa peke yake, kurasa mbili tupu mbele na mbili nyuma. Ugonjwa hauchanganywi na kundi.

Hivyo miaka ilipita, karibu arobaini. Sasa macho yake yameingia ukungu. Watoto wake hawana haja na daftari, na Emuria anajua karatasi isiyo na mwenyewe huishia wapi: kufungia tumbaku. Ndipo alasiri moja akalifunga kwenye leso, akalipeleka kwa Kirigia, kijana wa Meru anayesimamia chumba cha kusomea pale mjini.

Kirigia alisoma kurasa tatu, akavua miwani. "Mzee, hii ni mali! Nitaliweka kwenye kabati la kioo, watu wasome. Ila fomu ya kulipokea inataka idadi. Maneno ni mangapi?"

"Siwezi kukwambia."

"Hujayahesabu?"

"Na sitayahesabu. Kwenu mnalima viazi, hesabu magunia upendavyo. Sisi kundi halihesabiwi. Ukitaja idadi umemwita fisi ukamwambia chakula ni kiasi gani."

"Lakini mzee wangu, fisi hali maneno!"

"Yale yenye msalaba yaliliwa na nani?"

Kirigia akacheka, kisha akaitazama fomu na kicheko kikakatika. "Basi nitahesabu mimi."

Emuria akaweka kiganja juu ya daftari. "Ukihesabu, narudi nalo."

"Fomu zinaenda ofisini kesho saa sita. Isiyojazwa haipokelewi. Mzee, nisaidie nikusaidie."

Mzee alifunga leso yake. Njiani alijiuliza kama si ujinga, kulipoteza kundi zima kwa ajili ya mwiko. Lakini mtu aliyechunga kwa heshima miaka yote hiyo angeanzaje kuvunja adabu siku ya kulikabidhi?

Kesho yake asubuhi alikuwa sokoni, leso kwapani, Kirigia alipotokea na fomu mkononi akiruka mavi ya mbuzi kwa viatu vyake safi.

"Bado ni mapema, mzee. Tuongee."

"Ngoja. Nakolong anaingiza kondoo."

Nakolong ni mfugaji wa Ngaremara, mama wa watoto wanne, ambaye humletea Emuria kondoo wake awauze. Kwa miaka mitatu amekuwa akiketi naye kusubiri wanunuzi, na kusubiri kule kumemfunza maneno mengi ya daftari. Alisimama langoni mwa zizi na fimbo. Kila kondoo aliyepita alimgusa mgongoni na kumtaja kwa sauti ya chini.

"Wether. Gimmer. Gimmer. Wether, yule mvivu." Mara fimbo ikasimama hewani. "Gimmer wa sikio jeusi hayupo!"

"Mama, walikuwa wangapi?" Kirigia akauliza.

Nakolong alimtazama kama mtu aliyeulizwa jambo la aibu mbele ya wakwe. "Wangapi sijui. Najua ni nani." Kisha akageukia zizi la pili, lililokuwa la Arero, mfanyabiashara Mborana. "Arero! Toa kondoo wangu!"

"Mama, amenipenda mwenyewe, nifanyeje?"

"Mwambie una wake wawili tayari!"

Watu wakaangua kicheko. Arero, naye akicheka, akapenya katikati ya kundi lake, akamtoa kondoo mwenye sikio jeusi akimvuta kwa mguu. Nakolong akamgusa mgongoni. "Gimmer," akasema, akafunga lango.

Kirigia alitoa kalamu mfukoni. Kisha akaiweka fomu juu ya nguzo ya zizi na kuandika mahali pa idadi.

"Umeandika nini?" Emuria akauliza kwa ukali.

"Nimeandika, 'Wote wapo.' Ofisi ikikataa, nitaipeleka mwenyewe tena na tena mpaka ikubali. Lakini sharti iwe kweli, mzee."

Emuria alifungua leso. Akalisogeza daftari karibu na macho, akapitisha kidole ukurasa baada ya ukurasa, midomo ikicheza, soko zima likipiga kelele kumzunguka. Akafika kwa murrain, peke yake uwanjani. Akaivuka, akaendelea mpaka mwisho.

"Wapo," akasema, akamkabidhi.