Macho ya Lempi Hakala

Lempi Hakala alizaliwa nyuma ya kiwanda cha sufu, kule Massachusetts, na ujana wake wote ulikwenda kwenye mitambo ya kufumia. Kelele zake zilikuwa balaa: mwenzako apige yowe ubavuni, humsikii. Basi wafumaji wakajifunza kusoma midomo, na walisengenyana toka pembe hadi pembe bila kutoa sauti.

Sufu ikafa. Ikaja kampuni ya kompyuta, ikapanga jengo lile lile. Kompyuta zenyewe ziliitwa ndogo, ingawa moja ilikuwa na ukubwa wa kabati la nguo; zilizotangulia zilikula chumba kizima. Kumbukumbu yake ilitungwa kwa mkono: vipete vya sumaku, vidogo kuliko ufuta, vinapitishwa nyaya za shaba kama shanga. Nani angeiweza kazi hiyo kama si wafumaji?

Lempi aliiweza miaka mingi, mpaka macho yakaanza kumsaliti. Ya mbali aliyaona vizuri. Ya karibu yakawa ukungu mtupu, na miwani haikufua dafu. Aliogopa, jamani! Mkate wa iliki aliouoka mwenyewe aliurudisha kabatini bila kuuonja. Mumewe, Toivo, alikuwa hoi kitandani, mapafu yameliwa na vumbi la sufu, na dawa zake zilitegemea mshahara huo tu.

Rita, jirani yake wa mezani, mama wa watoto watatu, ndiye aliyemsitiri. Msimamizi akigeuka, Rita humvutia Lempi nyaya zake upesi upesi.

Asubuhi moja wakubwa walijifungia kwenye chumba cha vioo, ng'ambo ya ukumbi. Bwana Whitcomb, mkuu wa idara, akanyoosha kidole kwenye meza yao. Lempi akaziachia nyaya.

"Wameshanijua, Rita. Nimekwisha."

"Hebu acha woga, mama wewe! Soma, wanasemaje?"

Lempi akakaza macho. Whitcomb alishika kidude cheusi chenye vimiguu kama mdudu, kidogo kama ukucha. Midomo yake ilisomeka wazi: "Hiki kinakumbuka kuliko meza nzima ya wale akina mama. Kiangazi tunaufunga ukumbi."

Lempi akarudisha macho mezani.

"Sema basi, unaniua! Wametaja macho yako?"

Lempi aliangalia kivuli cha vidole vya Rita, vilivyokuwa vikimmalizia kazi yake bila kukosea hata kipete kimoja.

"Hawakuyataja," alisema. "Wala yako, mwanangu."